Uso wa Baba Mkwe

Shemeji yangu alipoleta habari ya sanamu nilikuwa napepeta mchele, na mtu anayepepeta husema ndiyo kwa kila kitu ili aachwe apepete.

Huyu shemeji ni binamu wa marehemu mume wangu, aliyekulia mbali na boma, na ndiye msemaji wa ukoo. Alisema wazee wameamua kuifungua tena ile nyumba ya msonge iliyokuwa ya ngoma za utemi. Watapanga humo vitu vilivyobaki: ngoma yenyewe, kigoda, mkuki, na juu yake rafu ya sanamu ndogo za watemi wote wa ukoo, kila mmoja kichwa na mabega tu, kimo cha chupa ya soda. Wataanza na wa mwisho, baba yake mume wangu, kwa sababu ndiye pekee ambaye bado kuna watu hai waliomjua.

"Mjukuu wako atachonga," akasema. "Wewe utamwelekeza uso. Umekaa naye boma moja miaka mingapi?"

"Mingi."

"Basi."

"Basi," nikasema na mimi, nikaendelea na ungo wangu.

Pikipiki yake ilipokwisha kupotea barabarani ndipo mkono uliponisimama. Ni kweli nilikaa boma moja na yule mzee. Nilimpikia, nilimtekea maji ya kuoga, nilimkokea moto alipougua homa, na alipokufa nililia kama wengine. Lakini usoni sikuwahi kumtazama hata mara moja.

Vijana wa siku hizi wanakaa sebuleni na baba mkwe wanaangalia mpira pamoja, wanagombea rimoti. Siwalaumu, kila kizazi na wazimu wake. Sisi tulifundishwa kwamba baba mkwe hatazamwi. Ukimwona anakuja, unatoka njiani. Ukimpelekea chakula, unapiga magoti umegeuka upande, unaweka, unarudi kinyumenyume huku macho yako yakihesabu mavi ya mbuzi. Na huyu wangu hakuwa mkwe mtupu, alikuwa mtemi. Nilipoolewa serikali ilikuwa imeshaufuta utemi, ila habari hiyo ilikuwa haijamfikia mama mkwe. Siku ya kwanza tu alinishika kidevu akakiinamisha, akasema, "Hapo ndipo pa kutazama." Nikatazama hapo mpaka mzee akafa.

Kwa hiyo ninachokijua vizuri ni miguu. Alivaa makatambuga ya tairi la lori. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimewaegemea wenzake kama mtu anayewanong'oneza umbea. Najua kikohozi chake, najua harufu ya kiko chake, najua fimbo yake iligonga wapi akiwa na hasira na wapi akiwa na njaa. Wangetaka sanamu ya miguu, ningeimaliza kabla chai haijapoa.

Jioni nilimwambia mjukuu wangu. Huyu ni binti wa mwanangu wa kwanza, mwanamke mtu mzima, mrefu kama mlingoti, na maneno yake makali kwa kuwa mimi ndiye niliyemlea. Patasi alijifunzia Geita, kwa fundi wa samani aliyekuwa akiwatengenezea wanunuzi wa dhahabu vitanda vyenye simba kichwani. Fundi alipohama, yeye akaingia Mwakitolyo, akawa anachambua mawe kando ya karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Alirudi kwangu msimu wa mavuno akikohoa kitu cheupe kama unga wa muhogo. Alisema amekuja kunisalimia. Nikamwambia asalimie polepole, asiwe na haraka.

Aliposikia kwamba sikumtazama mzee, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mke mwenzangu," akasema. Ndivyo anavyoniita, kwa sababu kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na mimi na yeye ni wake wenza. "Mke mwenzangu, umeniuzia ng'ombe asiyekuwepo."

"Cheka. Ukimaliza, ujue kwamba wifi anakuja kuiangalia."

Hapo akaacha kucheka. Wifi yangu huyo ni binti pekee wa mtemi aliye hai. Yuko Ushirombo, kikongwe, jicho moja limekwisha kwa mtoto wa jicho na la pili linaona vitu vya karibu tu, tena juani. Wazee walikuwa wamesema wazi: yeye ndiye atakayesema kama sanamu ni baba yake au si baba yake. Akikubali, mjukuu wangu atachonga rafu nzima. Akikataa, kazi inakwenda kwa fundi mmoja wa Mwanza mwenye cheti ukutani. Na mjukuu wangu alikuwa ameshapata ujumbe kutoka kwa wanawake wenzake wa Mwakitolyo: nafasi yako kando ya karasha tumeishikia, njoo. Mkoba wake ulikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa nauona kila ninapochukua ufagio, na sikuupenda.

Tulianza na picha. Ilikuwepo moja, ya siku alipotembelewa na mzungu wa wilaya, na mume wangu aliitunza ndani ya sanduku. Tulipofungua sanduku tukakuta mchwa wametangulia. Walikuwa wamebakiza kofia, mabega, na kile kisahani cheupe cha kombe la baharini ambacho watemi walivaa kifuani. Katikati ya kofia na kombe palikuwa na tundu.

"Hata mchwa wamekula uso," mjukuu akasema.

"Nao hawakufundwa."

Tukaenda kwa wazee. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa peke yangu. Nchi nzima ilikuwa imepiga magoti mbele ya mtu huyo, na mtu aliyepiga magoti huona alichokikabili. Mzee mmoja alituambia habari ya ukanda. Mwingine alikumbuka kucha. Tukiwabana kuhusu uso, wanaimba sifa: alikuwa simba, alikuwa mwezi mpevu, alikuwa mvua ya kwanza. Nikawauliza, mvua ya kwanza ina pua ya namna gani? Wakaniona sina adabu. Nilimpigia wifi simu Ushirombo, nikasema labda binti amwelezee baba yake.

"Baba alikuwa mzuri," akasema.

"Pua yake je, wifi?"

"Pua ya mtemi."

"Na macho?"

"Macho ya mtemi. Unaniuliza kama polisi kwa nini? Hukukaa naye wewe?"

Nikamwambia salio linaisha.

Mjukuu alichonga hivyo hivyo. Alipata kipande cha mninga mkavu, akatoa kofia na mabega na kombe kutoka kwenye ile picha, na uso akauacha wa kawaida, mtu mzima wa Kisukuma, mfupa wa shavu mpana, paji refu. Uso wenyewe ulikuwa mdogo kama yai la bata. Alisema mti unatoa mifupa tu, utu wa mtu unakuja na rangi. Maneno hayo aliyatoa kwenye simu yake, ambamo kuna watu wa mbali wanaopaka nyuso za sanamu kutwa nzima kama hawana mashamba.

Akapaka. Rangi zilikuwa zile za kwenye tyubu, kutoka Mwanza, na brashi nyembamba kama sindano ya kushonea magunia. Alipaka kwanza rangi ya majivu ya kushikia nyingine, akaja na kahawia, akaweka macho meupe na nukta nyeusi katikati. Alipomaliza akaniletea. Nilivaa miwani yangu ya gulioni nikaangalia.

"Huyu amekuwaje? Ameona nyoka?"

"Bibi."

"Kwani uongo? Macho meupe hivyo ni ya sanamu ya dukani inayovalishwa gauni. Na ngozi imekaa kama mlango. Mtu hana rangi moja. Jitazame mkono."

"Basi paka wewe."

Alisema kwa hasira, mimi nikachukua kwa hasira. Nimechora vibuyu tangu usichana, na kila mwaka baada ya masika nilikuwa napamba ukuta wa nyumba kwa udongo mweupe na mwekundu na majivu, mpaka tulipojenga ya tofali. Mkono wangu hautetemeki, ila nilikuwa sijawahi kupamba kitu chenye macho. Kwa hiyo tukafanya kazi pamoja. Yeye alijua njia, mimi nilikuwa na mkono.

Alinifundisha kwamba rangi inazimuliwa na maji mpaka iwe uji wa mgonjwa, unaona sufuria chini yake. Unapaka, unaacha ikauke, unapaka tena juu yake. Giza linakwenda penye mabonde, chini ya nyusi, pembeni mwa pua, chini ya mdomo. Mwanga unakwenda penye vilima. Nilitaka kutia nyeusi kwenye giza, akanishika mkono.

"Si nyeusi. Tia buluu kidogo kwenye kahawia."

"Buluu kwa mtu?"

"Tia uone."

Nikatia, nikaona. Kivuli cha mtu mweusi kina buluu ndani yake, na mimi nimeishi na watu weusi maisha yangu yote sikuwahi kugundua. Kwa macho nilikataa chaki kabisa. Weupe wa jicho la mzee ni wa maziwa yaliyolala, una umanjano kidogo na pembeni una wekundu. Nikachanganya juu ya kifuniko cha kopo mpaka nikayapata maziwa yaliyolala. Kwa ile nukta ya jicho brashi ilikuwa nene mno, nikavunja mwiba kwenye mgunga wa uani, nikauchovya, nikagusa.

Ilichukua siku kadhaa, kati ya kazi nyingine, kwa sababu kuku na jembe havijui habari za sanaa. Na kadiri tabaka zilivyopandana, ndivyo yule mtu alivyozidi kuamka. Mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe, haukuuliza njia. Nilipogusa jicho la pili, mjukuu aliyekuwa anamenya viazi pembeni akaweka kisu chini.

"Bibi," akasema. "Huyu si mtemi."

"Ni nani?"

"Huyu ni mume wetu."

Nikasogeza miwani. Alikuwa yeye. Ule mkunjo mmoja katikati ya nyusi uliokuja kila akitafuta kitu ambacho amekishika mkononi. Ile pembe ya mdomo iliyokuwa ikijua utani kabla haujatoka. Nilikuwa nimetafuta uso wa mwanamume wa boma lile, na mkono ukaleta ule pekee nilioruhusiwa kuutazama. Alikaa pale juu ya meza, kando ya viazi, amevaa kofia ya baba yake, ametulia kama mtu anayesubiri chai.

Kuku akaingia akatoka.

"Tumwache," mjukuu akasema. "Nitachonga mwingine."

Nilimtazama mume wangu mpaka nikatosheka. Nilikuwa na haki hiyo, nilitolewa mahari. Kisha nikamwambia, "Kipande kingine cha mninga mkavu utakipata wapi kabla wifi hajafika? Mpake juu. Maisha yake yote alikaa nyuma ya baba yake, ameshazoea."

Lakini juu yake tumpake nani? Hapo ndipo tulipokwama kweli, na mjukuu akaanza kuutazama mkoba ulio nyuma ya mlango. Usiku ule nilikasirika nikakosa hamu ya ugali. Asubuhi nilipokuwa nafagia nikajiuliza tofauti na siku zote. Nikaacha kuuliza nani alimjua mtemi. Nikauliza, nani aliruhusiwa kumtazama na hakulazimika kumsifu? Jibu lilikuwa jepesi mpaka nikaona haya. Mtani.

Ukoo wa mume wangu una watani wake, ukoo mwingine ambao tangu zamani unakuja kwetu kutukana na sisi tunakwenda kwao kutukana, na hakuna anayekasirika. Kwenye msiba wanalala ndani ya kaburi mpaka wapewe kitu. Zamani za utemi, baada ya mavuno, wao ndio watu pekee nchini walioweza kusimama wima mbele ya mtemi, wakamtazama jicho kwa jicho na kumwambia ubaya wake wote kwa sauti, na yeye akalazimika kucheka. Na wa kizazi kile alikuwa amebaki mmoja, bibi anayeuza ugoro kwenye gulio la Kagongwa.

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo, makopo yake mbele.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mtumwa wangu. Umerudisha ng'ombe wetu?"

"Wamekufa kwa aibu ya kufugwa na nyie. Nimekuja unitukanie baba mkwe."

Aliweka kopo chini. "Mtemi?"

"Yeye."

"Umechelewa," akasema, "lakini matusi hayaozi. Nitafutie pikipiki isiyo na mashimo kwenye kiti."

Alifika kwangu, akakataa kiti, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa ili awe karibu na meza. Mjukuu akapiga magoti kumsalimia. Mtani akaiinua ile sanamu, akamtazama mume wangu.

"Huyu ni mwanawe. Yule mpole. Mpole wa nini mbele ya kazi hii? Shika brashi."

Nikashika.

"Pua kwanza. Hii yenu imesimama kama jogoo. Pua ya mtemi ilikaa kama kuku anayeatamia, imefunika mayai yote."

Mjukuu akachukua kisu akapunguza mgongo wa pua kidogo, kisha akanionyesha mwanga upelekwe pembeni mwa tundu za pua, ili ipanuke. Ikapanuka. Ikaatamia.

"Sasa jicho la kushoto. Literemshe. Lilikuwa linalala kabla ya mwenzake. Ukienda kushitaki kwake, jicho moja linasikiliza kesi, la pili limeshakwenda kitandani."

Nikateremsha kope kwa brashi, unywele kwa unywele.

"Zaidi. Usimwonee huruma. Mdomo wa chini nao ulikuwa unatangulia. Unamwona anakuja, mdomo umefika uani, mwenyewe bado yuko mnadani. Na katikati umeungua kiko, umepauka kama tumbo la kambare."

Mjukuu alikuwa anacheka huku anachanganya rangi, na mimi nilikuwa najizuia kwa sababu nimeshika brashi. Kila tusi lilikuwa na mahali pake pa kukaa. Sifa za wazee hazikunipa hata nyusi moja, na huyu bibi mwenye ugoro puani alikuwa ananipa mtu mzima, kipande kwa kipande.

"Na ndui?" akauliza.

"Ndui gani?"

Alinitazama kama ninayemtania, na zamu hii haikuwa zamu yangu. "Hawakukwambia ndui? Uso mzima, mtumwa wangu. Mashavu yote, kama shamba la mtama baada ya mvua ya mawe. Ilimshika akiwa kijana ikamwacha. Tulikuwa tunamwambia, mtemi, kuku wako wamedonoa wapi leo? Naye anacheka mpaka lile jicho linafungwa kabisa."

Nikaweka brashi chini. Nilimhudumia mtu huyo miaka yote ile. Mume wangu alilala ubavuni mwangu maisha yake yote, akaniambia kila kitu hata visivyonihusu, na hakuwahi kusema kwamba baba yake ana makovu ya ndui. Labda alidhani najua. Au tuseme mtoto haoni kovu la baba yake, anaona baba.

Makovu yale ndiyo yaliyokuwa kazi ngumu kuliko zote. Mjukuu aliyatafuta kwenye simu na hakuyapata, kwa hiyo tukafikiri wenyewe. Jua linatoka juu. Shimo lina kivuli ukingo wa juu na mwanga ukingo wa chini. Basi kwa mwiba nikaweka alama nyeusi yenye buluu, ndogo kama chawa, na chini yake alama nyembamba ya mwanga. Moja, halafu nyingine. Nyingine nikazibananisha, nyingine nikazitenga, kwa sababu ugonjwa haupandi kwa mistari. Mtani alilala palepale kwenye mkeka, akiamka anatupa tusi moja anarudi kulala.

Tulipomaliza, aliyekuwa mezani sikuwa namjua, ila alikuwa mtu.

Shemeji alikuja kukagua kabla ya siku yenyewe. Aliishika sanamu, akaigeuza, uso wake ukabadilika.

"Mmemtia mtemi ugonjwa."

"Alikuwa nao kabla hujazaliwa," nikasema.

"Nani kasema?"

"Mtani."

"Mtani. Unamleta mtani atuchoree mzee wetu? Watu watacheka. Lainisheni mashavu, jicho linyanyueni. Dada anakuja kuona baba yake, haji kuona matusi. Akikataa, mimi sitawatetea, kazi inakwenda Mwanza."

Alizungumza na mimi, lakini alimtazama mjukuu, kwa kuwa alijua nani atapoteza. Alipoondoka tulikaa na lile jambo katikati yetu. Kulainisha ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Mimi nina umri wangu na shamba langu, hakuna anayenipeleka kwenye vumbi la karasha. Kwa hiyo nilimwambia ukweli.

"Kichwa ni chako, na kifua ni chako. Ukisema nilainishe, nalainisha, na sitakusema."

Alikaa akikwangua rangi kwenye kucha. Alikohoa kidogo, kile kikohozi.

"Nikimlainisha huyu," akasema, "nitawalainisha na wote watakaofuata. Rafu nzima ya watu wasio na uso. Bora nikasage mawe, mawe angalau yana kitu ndani. Muache."

"Hujui wifi yangu."

"Wewe hukumjua baba mkwe wako."

Tukamwacha. Usiku akafua nguo zake akazikunja, akaziweka ndani ya mkoba pamoja na patasi, kwa utaratibu, kama mtu asiyetaka kukutwa na haraka.

Wifi alifika siku ya mkutano wa ukoo kwenye kiti cha mbele cha gari, rozari imezungushwa mkononi, kitambaa cheupe kichwani. Uwanja mbele ya nyumba ya msonge ulikuwa umejaa, na mjukuu alikuja na mkoba wake begani. Tulimsalimia Kisukuma kama anavyosalimiwa mama, "Mwadila, mayu," akaitikia kila mmoja, akanitambua kwa sauti akaniuliza kwa nini nimekonda. Hakutaka hotuba. Alisema macho yake yanafanya kazi mpaka jua lifike pembeni tu, kwa hiyo walete walicholeta.

Mjukuu akaipeleka kwa mikono miwili, amepiga magoti. Wifi akaipokea, akageuka akalipa jua mgongo wake, kisha akabadili mawazo akaligeukia. Akaiinua sanamu mpaka ikakaribia kugusa kope za lile jicho zima. Akaishika hivyo. Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa mbele kabisa, nimekodoa macho, nasoma uso wa wifi na uso wa sanamu kwa zamu.

Kidole chake kikapita kwenye shavu. Hakuna shimo pale, ni rangi tupu, lakini kilipita polepole kama kinachopita kwenye mashimo.

"Nani kawaambia ndui?"

Kutoka nyuma ya watu, sauti ya mtani: "Mimi."

"Mtumwa."

"Marahaba, mayu."

Wengine wakacheka chinichini, wakajizuia. Wifi hakucheka. Aliendelea kutazama.

"Akilala mchana," akasema, hakusema kwa yeyote, "nilikuwa napanda kifuani nayahesabu. Nikikosea naanza upya. Jicho hili likawa linanichungulia, nadhani amelala." Akaisogeza sanamu, akaisogeza tena. Mjukuu wangu alikuwa bado magotini.

Kisha wifi akainua kichwa, na lile jicho lake moja likanikuta mimi, niliye mbele, macho yamenitoka.

"Na wewe unatazama nini?"

"Natazama sanamu, wifi."

"Sanamu gani? Huyu ni baba mkwe wako. Unamkodolea macho mbele za watu namna hiyo? Mama hakukufunda? Geuka."

Nawaambia, na umri huu, na meno niliyobakiza, niligeuka. Sikufikiri. Kanga ilikuja kichwani yenyewe, magoti yakashuka yenyewe, nikajikuta nimeukabili ukuta wa nyumba ya msonge natazama chini, pale pale mama mkwe aliponionyesha. Nyuma yangu uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko, na kicheko cha mtani kilikuwa juu ya vyote.

"Kuku," wifi akasema. Ndiyo faini ya mkwe asiye na heshima. "Jike, tena anayetaga."

"Nitaleta, wifi," nikauambia ukuta.

Nilimsikia shemeji akikohoa, akimuuliza mjukuu wangu kama atapata mninga mwingine, na kama anaweza kuanza na baba yake mtemi, aliyetawala kabla yake. Nilimsikia mjukuu akijibu kwamba utapatikana. Halafu nikasikia zipu ya mkoba ikifunguliwa, na patasi zikigongana zikitolewa.

"Huyo naye ni mkwe wangu," nikasema bila kugeuka. "Nitampakaje?"

"Kama ulivyompaka huyu," mtani akasema. "Fuga kuku wengi."